Dominica na mfalme wa Uingereza

Kuna anayeuliza kama Dominica, nchi ya kisiwa huko Karibi, bado iko chini ya Mfalme Charles wa Uingereza. Hapana ndugu, haiko. Majirani zake kama Saint Lucia na Antigua na Barbuda ndio bado wanaye. Dominica ilipopata uhuru tarehe 3 Novemba 1978 ilikuwa jamhuri moja kwa moja, ila imo Jumuiya ya Madola. Rais hapigiwi kura na wananchi, Bunge ndilo humchagua kwa miaka 5, na kazi yake kubwa ni ya heshima tu. Tangu 2023 ni Sylvanie Burton, mwanamke wa kwanza na Mkalinago wa kwanza, yaani wa wenyeji waliokuwapo kabla ya Wazungu. Mwenye serikali ni Waziri Mkuu, Roosevelt Skerrit, tangu 2004!

Yule ndege kwenye bendera ya nchi hiyo ni kasuku sisserou, anayepatikana Dominica peke yake. Manyoya yake ya zambarau ndiyo yanayoifanya bendera hiyo kuwa miongoni mwa chache sana duniani zenye rangi hiyo. Nyota 10 zinazomzunguka ni wilaya za kisiwa. Na usiichanganye na Jamhuri ya Dominika, wale wa Santo Domingo wanaozungumza Kihispania.