Herufi iliyopotea ukutani

Kazi yangu ni kuandika mabango ya ukutani kwa brashi. Kwenye gereji moja niliandika VIPURI VYA PIKPIKI, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Hebu lisome tena hilo neno la mwisho. Mwenye gereji alilitazama akiwa ng'ambo ya barabara, akasifu, akalipa. Bodaboda walipita kutwa, hakuna aliyestuka. Siku ya tatu nimerudi kurekebisha kivuli, mtoto anayeanza kusoma akaja kuunganisha silabi kwa kidole. Alipofika "pik" akakwama. "Mjomba, hapa panasomwaje?"

Nilitamani ukuta unimeze.

Sisi tuliozoea kusoma hatupiti herufi moja moja. Neno tunalidaka zima, kama unavyomjua jirani kwa mwendo wake kabla hujauona uso. Mwaka 1977 mwanasaikolojia David Navon aliwaonyesha watu herufi kubwa zilizojengwa kwa herufi ndogo, tuseme H kubwa iliyopangwa kwa S nyingi. Walioulizwa ile kubwa hawakubabaishwa na ndogo. Walioulizwa ndogo walichelewa kila kubwa ilipokuwa tofauti nazo. Lakini mwaka 1979 Ronald Kinchla na Jeremy Wolfe wakaonyesha kwamba umbo likikuzwa mno machoni, mambo hugeuka, na vile vidogo ndivyo vinavyowahi.

Hapo nikajiona mwenyewe juu ya ngazi. Pua imekaribia kugusa ukuta, herufi moja inanijaa macho yote: nahangaika na ukingo wa rangi, neno silioni. Nikishuka na kuvuka barabara, naona neno, sioni herufi. Kosa langu lilikaa katikati, mahali ambapo sikuwahi kusimama.

Kwa hiyo siku hizi nachora kwanza kwa chaki, napiga picha kwa simu, kisha naigeuza juu chini. Neno likipinduka halidakiki tena, inabidi uhesabu. Pikipiki ina herufi 8, basi zitimie 8, tena naanzia mwisho kurudi mwanzo. Bango likiwa refu nalifunika kwa kipande cha boksi, nabakiza herufi mbili tatu kwa wakati. Na usikague bango uliloandika saa hiyo hiyo. Kichwa bado kinakusomea ulichokusudia.

Kwa mpangilio fanya kinyume: rudi nyuma, finya macho mpaka herufi zififie ubaki na mabaka ya rangi. Nafasi iliyozidi itajitokeza kama pengo la jino. Fundi aliyenifunza alikuwa akifanya hivyo kila mara, nami nilidhani jua linamuumiza.

Ile I niliibana baina ya K na P, nyembamba kama njiti ya kiberiti. Ukiwa ng'ambo ya barabara, huioni.