Presha ikipanda mpaka mtu anachanganyikiwa, ujue ubongo unaumia, sio mapepo

Huku kwetu Moshi presha tumeizoea mno jamani. Mtu anakwambia nina presha kama anavyosema ana mafua, dozi anameza siku akijisikia vibaya, akijisikia freshi anaacha, na wengi hawajui kichwani kunatokea nini namba ikishavuka 180 juu na 120 chini.

Mama mkubwa wangu yuko Kibosho, presha anayo miaka mingi. Dawa zilimwishia akawa anasema nitashuka mjini siku ya soko ninunue, wiki zikapita. Asubuhi moja kisogo kikaanza kumuuma vibaya sana, akatapika, kufika mchana anamwita binti yake kwa jina la marehemu dada yake. Alikuwa anamenya ndizi, sasa anapapasa anatafuta kisu na kisu kipo hapo hapo mbele yake, hakioni. Majirani wakajaa, huyu anasema aitwe mchungaji amwombee, yule kakimbia nyumbani kuchukua nifedipini (kidonge cha kushusha presha) ya mume wake eti mama mkubwa atafune ishuke chap chap. Dada (yule binti yake) akakataa katakata, wakampakia kwenye pikapu wakashuka naye hospitali, njiani akapata degedege. Kupimwa, 230 kwa 134.

Daktari alitueleza vizuri mpaka nikaelewa. Mishipa ya damu ya kwenye ubongo huwa inajirekebisha yenyewe, presha ikipanda inajibana, ikishuka inajiachia, ili damu inayofika ibaki kiasi kile kile. Ila ina mwisho wake. Presha ikizidi sana mishipa inashindwa kujibana, inatanuliwa kwa nguvu, kuta zinaanza kuvuja na maji yanaingia kwenye ubongo wenyewe unavimba, na fuvu ni mfupa, halitanuki, kwa hiyo ubongo unabanwa humo humo. Uvimbe huo mara nyingi unashika zaidi sehemu ya nyuma ya kichwa, na huko ndiko ubongo unakopokea kile macho yanachoona. Ndio maana mama mkubwa macho yake yalikuwa mazima na kisu hakukiona! Akiwahishwa, uvimbe unaweza kuisha na mtu akarudi sawa, akicheleweshwa mshipa unaweza kupasuka damu ikamwagika ndani na hapo kurudi ni kazi kweli kweli.

Na ile nifedipini ya jirani naomba niiseme kwa herufi kubwa, USIMPE MTU. Aliyekaa na presha ya juu miaka mingi mishipa yake imeshakuwa minene imezoea ule msukumo, ukiishusha ghafla damu haifiki ya kutosha na anapata kiharusi kwa sababu ya dawa uliyompa wewe. Hospitali walimwekea dawa ya kwenye mshipa huku wanapima kila mara, na saa ile ya kwanza hawashushi zaidi ya kama robo ya ilipokuwa. Sasa wewe na kidonge chako sebuleni utapimaje hiyo?

Kama namba ni kubwa lakini huna dalili yoyote, kaa utulie dakika 5, pima tena, ikibaki huko nenda ukaonwe siku hiyo hiyo. Halafu kuna wale ambao hawaanguki kabisa, presha inatafuna vimishipa vidogo pole pole miaka na miaka, mzee anaanza kupotea njia ya shambani kwake mwenyewe watu wanasema ni uzee tu. Chumvi punguzeni, na magadi pia, yale tunayotia kwenye maharage na kiburu yalainike, yana sodiamu kama chumvi tu.

Mama mkubwa sasa anaona, dozi anaisimamia dada, ila majina ya wajukuu bado anayachanganya.

Ukimwona mtu mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hauinuki, maneno hayaeleweki, au anachanganyikiwa ghafla, tafuta usafiri wakati huo huo hata kama ni usiku wa manane. Usimpe maji wala uji, anaweza kushindwa kumeza ukamziba. Akipata degedege mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Na andika saa dalili zilipoanza, daktari atakuuliza, kwa sababu kiharusi cha damu kuganda dawa ya kuyeyusha ina muda wake, kama saa 4 na nusu tangu dalili zianze.