Kopo lililo chini ya meza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza dagaa soko la Mbuyuni, Moshi. Wenzangu wamegonga makopo yao ya kupimia kitako kikaingia ndani, ndiyo maana bei yao mimi siiwezi. Nami nimenunua la namna hiyo, lipo chini ya meza, sijalitumia. Mwanangu wa kidato cha tatu kanisimulia hadithi ya Kijapani, "Rashomon". Anasema funzo lake ni kwamba mwenye njaa akiiba halaumiwi. Ni kweli?
Mama Dagaa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kijana wako kasikiliza vizuri, ila kamsikiliza bibi kizee wa hadithi hiyo peke yake.

Mwandishi Ryunosuke Akutagawa aliitoa hadithi hiyo mwaka 1915, akiwa na miaka 23. Kyoto ya kale, mji wa Japani, imepigwa na matetemeko, moto na njaa, hata sanamu za Buddha zinapasuliwa kuni. Mtumishi aliyefukuzwa kazi kajibanza kwenye lango la mji, ndilo Rashomon, mvua ikinyesha, anajiuliza: nife njaa au niibe? Akipanda ngazi hadi juu ya lango anamkuta bibi kizee anang'oa nywele za maiti akatengeneze wigi. Bibi anajitetea: marehemu huyu alikuwa akikausha nyoka na kuwauzia walinzi kama samaki, nao wakimsifia utamu! Alifanya kwa njaa, nami kwa njaa, angenielewa. (Nimekula samaki wakavu miaka arobaini bila kuuliza. Hapo nilinyamaza kidogo.)

Mtumishi akamjibu: basi nawe usinilaumu, mimi pia nina njaa. Akamvua nguo, akampiga teke, akatokomea gizani.

Umeona? Hoja ya bibi ilikubaliwa yote, na wa kwanza kuumia nayo ni bibi mwenyewe. Siku mama ntilie unayempimia kwa kopo hilo akikupunja chenji, utamwambia nini?

Mwanzoni Akutagawa alimalizia kwa mtumishi kukimbilia mjini kuiba. Mwaka 1918 akaufuta mwisho huo, akaandika kwamba alikokwenda hakuna ajuaye. Wewe hata ngazi hujapanda, bado uko langoni na mvua yako.

Kuhusu bei, usishindane nao. Geuza kopo lako mteja aone kitako, kisha ndiyo umtajie. Wengine wataondoka, sikudanganyi.

Jumamosi nashuka Mbuyuni, nataka makopo mawili. Nitachungulia chini ya kila meza.