Nafasi ya binti iliisha, mwimbaji akabaki

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Mwigizaji wa kike wa tamthilia za muziki akishapita umri wa kucheza msichana anayechumbiwa, je, kazi yake ndiyo imekwisha?" Mimi nafundisha kuimba, na swali hili huletwa kwangu mara kwa mara na wanawake waliovuka miaka 40. Huliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwuliza daktari majibu ya kipimo. Naomba basi nafasi nilijibu kwa kirefu. Jibu langu ni hapana, na shahidi wangu ni mwimbaji na mwigizaji Barbara Cook.

Cook alizaliwa Atlanta, Marekani, mwezi Oktoba 1927. Baba yake alikuwa mchuuzi wa kofia aliyezunguka miji na sampuli zake. Mdogo wake wa kike alifariki angali mchanga, na Barbara akakua akiamini kuwa yeye ndiye aliyemwambukiza maradhi. Kisha baba akaondoka nyumbani, na hilo nalo mtoto akajitwika. Nayataja haya kwa sababu baadaye watu waliomsikia akiimba huzuni walidhani ni ufundi mtupu. Mwaka 1948 alikwenda New York na mama yake kutembea. Siku za kurudi zilipofika, mama alirudi peke yake.

Alipanda Broadway, yaani kumbi kubwa za tamthilia za New York, kwa mara ya kwanza mwaka 1951, katika mchezo ulioshushwa jukwaani baada ya wiki chache. Mwaka 1956 ndipo mtunzi wa muziki Leonard Bernstein alipompa nafasi ya Cunegonde katika tamthilia ya muziki "Candide", na hapa naomba wasomaji wasioimba waelewe alichokabidhiwa. Cunegonde ana wimbo mmoja ambao ndani yake analia juu ya maisha yake yaliyoharibika, halafu macho yanaangukia vito alivyovaa. Kilio kinaanza kulegea. Anaushika mkufu, anaitazama bangili, na kile kilio kinageuka kicheko, na kicheko chenyewe ndicho muziki: ha, ha, ha, kila "ha" ni noti, inayofuata juu ya iliyotangulia, mpaka anaivuka ile noti ya C ya juu ambayo soprano wengi, yaani wanawake wa sauti ya juu kabisa, huiona kama ukingo wa jabali. Cook mwenyewe alizihesabu C za juu alizotakiwa kuzipiga katika kila onyesho, akakuta ni 21. Hakuwa mwimbaji wa opera, na mwanzoni hakuamini kama angeweza.

Na si kuzipiga mara moja. Wiki ya Broadway ina maonyesho 8. Mwimbaji wa opera akishaimba uhusika mzito hupumzika siku mbili tatu, wala hakuna anayemshangaa. Wa tamthilia ya muziki anaimba Jumatano mchana, anakula kidogo, anaimba Jumatano usiku, na kesho yake yupo tena, mafua yawepo yasiwepo. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu kwamba kipaji humpitisha mtu kwenye majaribio, lakini kazi yenyewe hufanywa na usingizi, maji na ujuzi wa kukaa kimya siku nzima. "Candide" ilifungwa baada ya maonyesho 73 tu. Sauti ya Cook ilitoka salama.

Mwaka uliofuata akacheza Marian, mkutubi mkali wa "The Music Man", na mwaka 1958 akapata tuzo ya Tony, tuzo kuu ya Broadway, kwa uhusika huo. Mchezo ulipata zaidi ya maonyesho 1,300. Huo ndio ulikuwa wakati wake wa kupendwa, na sitakaa hapo sana, kwa maana kila mtu aliyewahi kuandika habari zake hukaa hapo.

Nataka kukaa kwenye "She Loves Me" ya mwaka 1963, kwenye dakika chache za wimbo mmoja. Amalia ni muuzaji katika duka la manukato. Kwa miezi kadhaa ameandikiana barua za mapenzi na mtu asiyemjua, kumbe ni Georg, mfanyakazi mwenzake dukani, ambaye kila siku hugombana naye. Siku moja Georg anakuja kumjulia hali nyumbani, amembebea aiskrimu. Anaondoka. Amalia anakaa kumwandikia yule mpenzi wa kwenye barua. Anaandika sentensi moja, anasimama, kwa sababu kichwani kuna Georg na aiskrimu yake. Anajirudisha kwenye karatasi. Sentensi ya pili inamtoroka vilevile. Yeye hajui bado, sisi tunajua, na okestra nayo inajua, maana inamsubiri. Sikilizeni rekodi ya Cook mahali pale anapojikatiza. Hakuna urembo wowote wa sauti. Ni mwanamke anayefikiri, na sauti inamfuata kama kivuli. Kisha mwishoni kabisa inapanda ile noti ya juu, na kwa kuwa amekuwa akizungumza nasi muda wote, noti ile tunaisikia kama furaha iliyomponyoka. Mchezo haukumaliza mwaka.

Baada ya hapo mambo yakageuka. Ndoa yake ilivunjika rasmi mwaka 1965. Pombe ikaingia, mwili ukanenepa, simu zikapungua. Tamthilia yake ya mwisho ya muziki ya miaka ile, mwaka 1971, iliondolewa baada ya siku chache. Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 2016 alieleza bila kuficha kwamba alifika mahali pa kuiba chakula dukani. Mwenye tuzo ya Tony, mwenye zile C 21.

Hapa ndipo swali lenu linapokaa, na nasema wazi: si pombe peke yake iliyomfungia mlango. Tamthilia za muziki za enzi yake ziliandikwa kwa mpango unaojulikana. Yupo binti mwenye sauti nyororo anayesubiri kupendwa, yupo mchekeshaji, yupo mama. Kati ya binti na mama kuna pengo la miaka 20 hivi lisilo na nyimbo. Mwanamume wa miaka 45 angali anachumbia jukwaani, mwanamke wa umri huohuo anaambiwa asubiri mpaka awe bibi. Na kwa soprano pengo ni baya zaidi, kwa kuwa nafasi za wanawake watu wazima huandikiwa sauti nzito ya kifua. Mwili nao hausimami. Umri unavyosogea, homoni zinapopungua, nyuzi za sauti huwa nene kidogo na sauti hushuka. Noti mbili tatu za juu huondoka, na chini hufunguka mahali ambapo zamani palikuwa na upepo tu. Mwalimu mbaya huiita hali hiyo kuharibikiwa. Nimewapokea wanafunzi waliolazimishwa na walimu kuzing'ang'ania noti za umri wa miaka 25 mpaka koo likaanza kuuma. Hilo huniudhi kuliko jambo lolote katika kazi hii.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Cook alikutana na mpiga piano na mpangaji wa muziki aitwaye Wally Harper, wakaanza kutengeneza pamoja maonyesho ya nyimbo bila mchezo, bila mavazi ya uhusika, bila binti wa kuigizwa. Tarehe 26 Januari 1975 akasimama Carnegie Hall, ukumbi maarufu wa muziki jijini New York. Alikuwa na miaka 47, mnene, na wengi waliokuwa ukumbini walikuwa hawajamwona kwa miaka. Onyesho lile lilirekodiwa, na ninalo. Jambo la kwanza linalonigusa kila mara ni makofi. Yana joto la watu waliodhani wamempoteza mtu. Halafu anaimba, na sauti ile ya fedha ipo, ila sasa ina ardhi chini yake.

Watu hupenda kusimulia kwamba aliacha pombe kwanza ndipo akarudi jukwaani. Sivyo. Pombe aliiacha mwaka 1977, miaka miwili baada ya usiku ule. Aliimba akiwa bado hajapona, na nadhani ni vizuri tuliseme hivyo lilivyokuwa, maana wapo wasanii wanaosubiri kwanza maisha yao yatengemae ndipo warudi kwenye mazoezi. Miaka inapita wakiwa wanasubiri.

Yeye na Harper walifanya kazi pamoja kwa takriban miaka 30, mpaka Harper alipofariki mwaka 2004. Katika kipindi hicho Cook alipata kitu ambacho ujana haukumpa. Mwaka 1985 tamthilia ya muziki "Follies" iliimbwa kwa mtindo wa tamasha jijini New York, naye akawa Sally, mwanamke wa makamo aliyewahi kucheza ngoma jukwaani akiwa msichana, ambaye bado anampenda mwanamume asiye wake. Wimbo mkubwa wa Sally ni wa mtu aliyeishikilia fikra moja kutwa kucha mpaka inamla. Binti wa miaka 25 anaweza kuziimba noti zake zote bila kosa na bado usiamini neno hata moja. Cook aliuimba akiwa karibu na miaka 58, bila kuharakisha, na mtu akimsikiliza anasahau kuwa kuna kitu kinaitwa mbinu.

Mwaka 2006 aliimba kwenye jukwaa la Metropolitan Opera, nyumba kubwa ya opera ya New York, ambayo haikuwa na desturi ya kuwaalika waimbaji wa nyimbo za aina yake. Mwaka 2010 alirudi Broadway katika "Sondheim on Sondheim", onyesho la nyimbo za mtunzi Stephen Sondheim, akateuliwa tena kuwania Tony akiwa na miaka 82. Mwaka 2011 akapewa heshima ya Kennedy Center, mojawapo ya heshima kubwa za wasanii Marekani. Alifariki Agosti 2017, na Broadway ikazima taa zake kwa muda kumuaga.

Nikiri jambo moja, nisije nikaonekana nadai kila mlango hufunguka. Mwimbaji na mwigizaji Julie Andrews, ambaye mwaka 1956, uleule wa "Candide", alikuwa akicheza Eliza katika "My Fair Lady", alifanyiwa upasuaji wa koo mwaka 1997 na hakuipata tena sauti yake ya kuimba. Huyo alinyang'anywa chombo chenyewe. Aliendelea kuigiza na kuandika vitabu vya watoto pamoja na binti yake, lakini kazi yake ya kuimba ilikoma, na hakuna maneno matamu ya kulifunika hilo. Kwa hiyo mwanafunzi anaponiuliza kama amekwisha, kwanza nampeleka kwa daktari wa koo. Nyuzi zikiwa nzima, basi kilichoisha ni nafasi, na nafasi huandikwa na watu.

Na watu wameanza kuandika na kuchagua tofauti. Audra McDonald, soprano aliyesomea uimbaji wa kiopera katika chuo cha sanaa cha Juilliard, alipata Tony yake ya sita mwaka 2014 kwa kumwigiza mwimbaji wa jazi Billie Holiday, akiwa amevuka 40, baada ya kuipeleka sauti yake mahali ambapo soprano hafundishwi kwenda. Mwishoni mwa 2024 alianza kucheza Rose, mama katika tamthilia ya muziki "Gypsy", akiwa na miaka 54, mwanamke wa kwanza mweusi kuushika uhusika huo Broadway. Wapo waliolalamika kwamba sauti yake si ya aina iliyozoeleka kwa Rose. Mimi naona hapo ndipo penye faida yenyewe, maana wimbo unaoujua kwa miaka unausikia upya.

Cook alipozeeka alifundisha vijana mbele ya hadhira, katika vyuo na kumbi mbalimbali. Alikuwa akimsimamisha kijana mwenye sauti kubwa na kumtaka apunguze, apunguze tena, aseme maneno kana kwamba yupo mtu anayeambiwa. Vijana walitoka pale baadhi wakilia, kwa kuwa walikuja kuonyesha sauti wakatakiwa kujionyesha wenyewe. Na yeye katika matamasha yake alikuwa na desturi ya kuufanya wimbo wa mwisho bila kipaza sauti. Alikiweka pembeni, akasimama mikono mitupu, mzee wa miaka 70 na kitu, halafu 80, na ukumbi mzima ukainama kuelekea kwake ili usikose neno.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja, ana miaka 46, alikuja na wimbo aliouimba kwenye mashindano akiwa na miaka 22. Alikuwa ameshaamua kwamba huo ndio utakaomwambia kama aache. Mara tatu alijaribu noti ya juu na mara tatu ikakatika. Nikamwekea rekodi ya Cook ya uzeeni, tukasikiliza bila kuzungumza. Ilipokwisha aliirudisha mwanzo mwenyewe. Kisha akauliza kama anaruhusiwa kuushusha ule wimbo wake. Tuliushusha toni moja, akaanza upya kutoka ubeti wa kwanza, na safari hii alikuwa akiniangalia usoni.