Somo, mume wangu hamtaki kokapuu

Somo, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka 9 na 4, tunaishi Reading, Uingereza. Watoto wanataka mbwa, na nimeshampata kijibwa wa kokapuu, mchanganyiko wa pudeli na koka spanieli, rangi ya asali, mzuri kama mwanasesere. Mbwa hawa hawanyonyoki manyoya, hawaleti aleji na wanapenda watoto. Mume wangu, anayefanya kazi ya usiku, amekataa katakata. Anasema ana pumu. Kweli tukienda kwa rafiki yangu mwenye mbwa hukohoa, ila naona anaigiza. Hapendi wanyama huyu, labda paka wa jirani tu ambaye humpa samaki. Mama yake, aliyetoka Tanga kuja kukaa nasi, amemuunga mkono kwa sababu ya sala. Mimi niko ofisini siku tatu kwa wiki lakini nyumbani kuna watu, mbwa hatabaki peke yake. Muuzaji amesema amebaki mmoja, na yuko radhi tukutane kituo cha mafuta njiani ili tusihangaike. Agosti tunakwenda Tanga wiki tano, kwa hiyo nataka azoee nyumba mapema. Nimwambieje huyu mwanaume akaelewa?
Mama Wawili

Marahaba, mwanangu. Pole na kelele za watoto. Mtoto wa miaka minne akitaka kitu, nyumba nzima hailali. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikirudia, mumeo anazidi kuwa na haki.

Tuanze na hilo neno lako, "nyumbani kuna watu". Watu gani? Wa kwanza ni mwanaume aliyerudi asubuhi kutoka zamu, anayetaka kulala mpaka saa nane mchana. Wa pili ni mama mtu mzima aliyehamia nchi ya baridi. Hao ndio umewapangia kazi bila kuwauliza. Kijibwa wa wiki 8 hutolewa nje kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho, na tena kila akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza. Usiku huamka mara moja au mbili kwa wiki kadhaa. Ukichelewa dakika tano anakojoa kwenye zulia, na harufu ile humwita arudi palepale kesho. Siku zako tatu za ofisini, nani anainama kupangusa? Hukuandika, lakini nimesoma.

Na hiyo "hawaleti aleji" ni lugha ya muuzaji. Kinachomkohoza mtu si unywele wenyewe. Ni protini zilizomo kwenye mate, mba za ngozi na mkojo, na hajazaliwa mbwa asiye na mate wala ngozi. Asiyenyonyoka anakupunguzia manyoya kwenye kochi, basi. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha vipimo vya mojawapo ya protini hizo, iitwayo Can f 1, kwenye manyoya ya mbwa na ndani ya nyumba zao. Wale wanaosifiwa kwamba hawaleti aleji, pudeli na mchanganyiko wake na labrada wakiwemo, walikutwa nayo manyoyani kwa wingi zaidi kuliko mbwa wengine.

Tena asili ya biashara yote hii ni aleji ya mume wa mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Australia, Wally Conron, aliyekuwa akisimamia uzalishaji wa mbwa wa kuongoza wasioona, aliombwa mbwa na mwanamke wa Hawaii ambaye mumewe alikuwa na aleji. Conron akampandisha labrada na pudeli mkubwa, wakazaliwa watatu. Manyoya na mate ya wote yakapelekwa Hawaii, mume akajaribiwa nayo. Mmoja tu, aliyeitwa Sultan, ndiye hakumdhuru. Mmoja kati ya watatu, mama mmoja, tumbo moja! Wawili waliobaki hawakupata wa kuwalea mpaka Conron alipowabunia jina jipya, labradudeli, ndipo simu zikaanza kuita. Mwaka 2019 mzee huyo alisema hadharani kwamba anajuta kuianzisha kazi ile. Mume wa Hawaii alijaribiwa kwanza, mbwa akafuata. Wako anakohoa mbele ya macho yako nawe unamwita mwigizaji. Mtu anayemgawia paka wa jirani samaki wake utasemaje hapendi wanyama? Anawapendea nje, mahali ambapo kifua chake kinamruhusu.

Niseme na hili, ingawa hukuniuliza. Ndoa za siku hizi watu hawashauriani, wanapeana taarifa. Mke anaona picha kwenye simu saa tano usiku, anawaonyesha watoto kabla ya kumwonyesha mwenzake, kukicha nyumba ina kambi mbili. Waume nao ni walewale: gari linanunuliwa, mke analikuta limeegeshwa. Sofa unaweza kulirudisha dukani. Kiumbe wa kuishi nanyi miaka 12 na zaidi haletwi kwa taarifa, na ukishawatumia watoto kumshinikiza baba yao umemfanya yeye adui wa furaha yao. Hilo lina gharama kuliko mbwa.

Sasa mbwa mwenyewe. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Chini ya ile sufu ya asali wamo wawindaji wawili. Pudeli alikuwa mbwa wa kuokota bata majini, na koka kazi yake ni kuingia vichakani kuwafurusha ndege. Mtoto wao hurithi pua, miguu na akili isiyotulia. Mkubwa anahitaji kama saa nzima ya matembezi kila siku, mvua ya Januari ikiwemo, na juu yake dakika tano tano za mafunzo mara tatu kwa siku au kutafutishwa chakula kilichofichwa, kwa sababu akili yake isipopewa kazi hujitafutia: huguguna miguu ya meza, hubweka kila posta akipita, huchimba bustani. Hung'ang'ania mtu mmoja na kumfuata hadi chooni. Ukimzoesha hivyo kisha ukamwacha saa nane kwa mkupuo, atalia mpaka jirani agonge mlango, na chumba cha juu kuna mtu amelala baada ya zamu. Wengine, hasa kwa upande wa koka, hulinda vitu. Akishika soksi, mtoto wa miaka minne akaenda kumnyang'anya, ndipo meno yanapotoka. Soksi hubadilishwa kwa kipande cha nyama, hainyang'anywi, na hilo mtoto wa miaka minne hawezi kulishika. Kwa hiyo "wanapenda watoto" ni kweli kwa watoto waliofundishwa wasimvamie akila, akilala au akiwa na kitu mdomoni.

Halafu manyoya, na hapa ndipo nyumba nyingi zinaposhindwa. Kutokunyonyoka maana yake unywele uliokufa hauanguki chini. Unabaki ndani, unajisokota na ulio hai, unakuwa mkeka. Manyoya laini ya utotoni hukudanganya kwamba kazi ni nyepesi. Karibu na miezi 8 hadi 12 yanabadilika kuwa ya utu uzima, na kipindi hicho mbwa aliyechanwa Jumatatu huwa na mafundo Jumatano. Kuchana si kupitisha brashi juujuu kama mtu anayefuta vumbi. Unachukua brashi ya meno membamba ya waya, unainua manyoya kwa mkono mmoja mpaka uone ngozi, unachana mstari mmoja mmoja kutoka chini kwenda juu, kisha unapitisha kitana cha chuma. Kitana kikikwama, hujamaliza. Mafundo huanzia nyuma ya masikio, kwapani, chini ya kola, mapajani kwa ndani na kwenye shina la mkia. Dakika 20 kila siku, au siku moja ndiyo na moja hapana ukiwa na mkono mwepesi.

Na usimwogeshe mwenye mafundo ukidhani maji yatayalegeza. Maji huyakaza, yakikauka yanavuta ngozi na chini yake vidonda huota. Hapo saluni ya mbwa haitakuwa na la kufanya ila kumnyoa kipara, nawe utalalamika wamekuharibia mbwa. Saluni ni kila wiki 6 hadi 8 maisha yake yote. Kadiria pauni 50 kwa mara moja, zidisha kwa mara saba hadi tisa kwa mwaka. Masikio yake yanayoning'inia hayapati hewa, kwa hiyo yachungulie kila wiki na uyakaushe kila akilowa. Yakinuka, au akitikisa kichwa ovyo, ni kwa daktari wa mifugo, si pamba ya kuchokolea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Rafiki yako mwenye mbwa umemuuliza haya, au ulipiga picha tu?

Kwa mama mkwe wako niko upande wake waziwazi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na kilicholambwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kokapuu hulamba kila kitu: mkono, kanzu, msala. Mama huyo anasali mara tano kwa siku ndani ya nyumba hiyo na magoti hayampi nafasi ya kufua kila saa. Maoni ya madhehebu mengine yapo, lakini yeye hakuja Reading kubadilishiwa madhehebu na mkwe. Aidha sufuria zenu ni za kitanga: pilau ina vitunguu, biriani wengine hutia zabibu. Vyote viwili ni sumu kwa mbwa, pamoja na chokoleti na peremende zenye sukari mbadala iitwayo ksilitoli, na mtoto wako wa miaka minne anadondosha nusu ya sahani.

Muuzaji wako ndiye aliyenitisha kuliko wote. Kituo cha mafuta! Tangu Aprili 2020 sheria ya Uingereza inamtaka mfanyabiashara amuuze kijibwa aliyemzalisha mwenyewe, umwone pamoja na mama yake pale alipozaliwa. Anayetaka kukutana njiani hana mama wa kukuonyesha. Mzalishaji wa kweli angekuonyesha majibu ya vipimo vya vinasaba vya ugonjwa wa macho wa kurithi (prcd-PRA) kwa wazazi wote wawili, cha figo kwa yule koka, na angekwambia daktari alionaje magoti ya pudeli mdogo, ambayo hupenda kuteguka. Usidanganywe kwamba chotara hawaugui. Mwaka 2024 chuo cha madaktari wa mifugo cha Royal Veterinary College, London, kililinganisha kokapuu na wenzake na mbegu walizotoka. Kwa sehemu kubwa ya magonjwa tofauti haikuonekana. Kijibwa pia huwa na chipu mwilini kabla hajatoka kwa mzalishaji. Na Agosti? Unamleta, anaanza kukuzoea, unamwacha wiki tano kwenye hoteli ya mbwa katika umri wa kujifunza nani ni wake. Huko hawampokei bila chanjo kamili, na bei ni kwa siku.

Jibu langu ni hapana, kwa mwaka huu. Ukitaka nikuamini mwakani, fanya hivi mkirudi kutoka Tanga. Kwa wiki nne toka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi utembee nusu saa, na jioni nusu saa, bila mbwa, jua au mvua, na kila siku uweke alama kwenye karatasi ya friji ambayo mumeo anaiona. Ukikosa siku tano, funga mjadala. Ukiziweza, mumeo amwone daktari kuhusu pumu yake na apimwe aleji ya mbwa. Daktari akiridhia, akae na mbwa yuleyule mnayemfikiria, mara tatu au nne, saa moja au mbili kila mara, dawa yake ya kuvuta ikiwa mfukoni. Kifua kikibana hata mara moja, jibu mmelipata. Kisipobana, mzungumze na mama: geti la kuzuia mbwa mlangoni mwa chumba chake na sebule anayosalia, na aseme mwenyewe kama linamtosha.

Jambo la mwisho. Hukusema umetoa arubuni, lakini mtu ambaye hajatoa kitu haandiki "nimeshampata". Mwambie mumeo leo kabla hajatoka kwenda zamu: kiasi gani, kwa nani, kwa njia gani. Kisha ipigie benki yako kesho asubuhi.