Muulize Mjomba: "Seva yangu imelikataa toleo la 10"

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kitu kimoja: Red Hat Enterprise Linux 10, mfumo endeshi wa seva uliotoka tarehe 20 Mei 2025. Wengine mnatumia Red Hat yenyewe, wengine ndugu zake wa bure, AlmaLinux na Rocky Linux, ambao nao walitoa matoleo yao ya 10 muda mfupi baadaye. Majibu yangu yanawahusu nyote, isipokuwa pale nitakapotofautisha.

*Shikamoo Mjomba. Ofisi yetu imenunua seva ya mtumba, Dell PowerEdge R720 yenye prosesa mbili za Intel, Xeon E5-2670 v2. Nimeweka toleo la 10 kwenye flashi, nikawasha, mistari ikapita kidogo, kisha skrini ikaganda na maneno haya: "Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v3". Muuzaji anasema flashi yangu ndiyo mbovu. Niirudishe seva?*
*Mpwa wako, Mwanza*

Marahaba, mpwa wangu. Flashi yako nzima, na seva nayo nzima. Ujumbe huo unasema ukweli mtupu: prosesa zako ni za zamani kuliko kiwango ambacho toleo hili linakubali.

Toleo la 9 lilitaka prosesa ya ngazi inayoitwa x86-64-v2. La 10 limepanda hadi v3, yaani programu zote zilizomo zimetengenezwa zikitegemea amri ambazo prosesa za zamani hazina, hasa lile kundi la AVX2. Intel walianza kuweka AVX2 kwenye kizazi cha Haswell mwaka 2013, na kwenye Xeon za E5 ilifika 2014, kwa zile zilizoandikwa v3 mwishoni mwa jina. Zako zimeandikwa v2, ni kizazi cha Ivy Bridge. Ndiyo maana mambo yanafia mlangoni kabisa: glibc, maktaba ambayo karibu kila programu ya Linux inaiegemea, hukagua prosesa kabla ya kufanya lolote, na isiporidhika inagoma. Programu ya kwanza ikigoma, kerneli, yaani kiini cha Linux, haina pa kwenda, inasimama.

Usipoteze usiku wako ukitafuta swichi kwenye BIOS. Haipo. Wala hakuna neno la kuongeza kwenye mstari wa kuwashia.

Una njia mbili. Ya kwanza, weka toleo la 9. Litaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi Mei 2032, na kufikia hapo hiyo R720 itakuwa na umri wa miaka 20 hivi, maana ilianza kuuzwa 2012. Ya pili, AlmaLinux wametengeneza nakala ya pekee ya toleo lao la 10 kwa ajili ya prosesa za v2. Inafanya kazi vizuri, ila kampuni nyingine zikikuuzia programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Red Hat 10, usitegemee kwamba itakubali kukaa juu ya nakala hiyo. Mimi ningeweka 9 na kulala.

Kuhusu kurudisha: kama mlikubaliana kwamba itaendesha toleo la 10, rudisha. Kama hamkuzungumza, muuzaji hana kesi ya kujibu, ingawa hilo la flashi angelinyamazia. Mkinunua tena, tafuteni R730, au kwa upande wa HP, ProLiant DL380 Gen9, kwa sababu hizo hutumia Xeon za v3 na v4. Na kabla fedha haijatoka mfukoni, mwambie aiwashe kwa Linux yoyote na kuandika `lscpu | grep avx2` mbele yako. Ukiona neno avx2 limejitokeza, kwa kazi ya kawaida inatosha. Asipotaka kuiwasha, nenda duka la jirani.

*Habari Mjomba. Mimi shida yangu ni hiyo hiyo ya "x86-64-v3", lakini seva yetu ni ya juzi tu, ina Xeon mpya kabisa! Nimeijaribu ndani ya Proxmox, ile programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya seva moja.*
*Msomaji, Nairobi*

Nzuri, bwana. Prosesa yako ni mpya, lakini mashine pepe haijaiona. Proxmox, tangu toleo lake la 8, huipa kila mashine pepe mpya prosesa ya mfano ya x86-64-v2-AES, ili iweze kuhamishwa kati ya seva tofauti bila matata. Zima mashine pepe hiyo, ingia sehemu ya Hardware, kwenye Processors badilisha aina iwe "host", halafu iwashe. Kama mna seva kadhaa za vizazi tofauti na mnahamisha mashine pepe zikiwa hewani, chagua x86-64-v3 badala ya host.

*Shikamoo. Mimi natunza mfumo wa SACCOS yetu. Uko kwenye CentOS 7, ndugu wa bure wa Red Hat 7, ulitengenezwa zamani na kijana ambaye sasa hapatikani. Mkaguzi ametuambia tuhamie toleo jipya. Nataka kuruka moja kwa moja hadi la 10. Amri ni ipi?*
*Mhasibu aliyegeuzwa fundi, Morogoro*

Marahaba. Pole, na hongera kwa kuuliza kabla ya kugusa.

Mkaguzi wenu ana haki. CentOS 7 ilikoma tarehe 30 Juni 2024. Tundu lolote la usalama lililogunduliwa baada ya hapo halizibwi, na nyie mmekaa na akiba za watu. Lakini amri ya kuruka kutoka 7 hadi 10 hakuna. Chombo rasmi cha kupandishia, Leapp, hupanda toleo kubwa moja kwa safari moja: 7 kwenda 8, 8 kwenda 9, 9 kwenda 10. AlmaLinux wana chombo chao, ELevate, kilichojengwa juu ya hicho, nacho huenda hatua kwa hatua vilevile. Kwa mfumo wa hesabu uliozeeka hivyo, mimi sipandishi. Nasimamisha seva mpya pembeni na kuhamisha data.

Na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, si kwenye mfumo endeshi. CentOS 7 ilikuja na PHP 5.4, lugha ya kuandikia mifumo ya wavuti, na MariaDB 5.5, hifadhidata. Toleo la 10 lina PHP 8.3 na MariaDB 10.11. Fungua mafaili ya huyo kijana na utafute `mysql_query` au `mysql_connect`:

`grep -rn "mysql_" /var/www/html | less`

Zikijaa skrini, kila mstari wa namna hiyo ni kazi ya kuandika upya, kwa sababu amri hizo ziliondolewa tangu PHP 7. Usishangae mkiweka mfumo kwenye seva mpya na kupata ukurasa mweupe. Mtafuteni mtu anayejua PHP, mlipeni, na mfumo wa zamani uendelee kufanya kazi, umefungiwa usionekane kwenye intaneti, hadi hesabu za mwisho wa mwezi za seva zote mbili zilingane hadi senti.

Jambo jingine: toleo la 10 limeacha kabisa vifurushi vya biti 32. Kama mashine yenu ya alama za vidole au printa ya risiti inategemea programu ya biti 32, mwombeni aliyewauzia programu ya biti 64 mapema. Akisema hana, msihamie 10.

*Salaam alaikum, Fundi. Nimeweka toleo jipya, nikaenda /etc/sysconfig/network-scripts kama siku zote kuandika anwani ya IP. Nimeandika ifcfg yangu vizuri, nimewasha upya, wapi! Seva haina habari nami.*
*Wako, Mombasa*

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Folda hiyo haisomwi tena. Kwenye toleo la 9 NetworkManager, msimamizi wa mtandao ndani ya mfumo, alikuwa bado akiyasoma mafaili ya ifcfg kwa huruma. Kwenye la 10 huruma imekwisha. Mipangilio sasa inakaa `/etc/NetworkManager/system-connections/`, katika mafaili yanayoishia na `.nmconnection`. Ukiyaandika kwa mkono, hakikisha mmiliki wa faili ni root, yaani msimamizi mkuu wa seva, na ruhusa ni 600. La sivyo NetworkManager analiruka faili lako, nawe utabaki ukikagua nyaya. Ila kwa nini ujitese? Tumia `nmtui`, ujaze visanduku, uhifadhi.

Wenye toleo la 9 wanaojiandaa kupanda, endesheni `nmcli connection migrate` kabla ya siku yenyewe, kisha `leapp preupgrade`, na msome `/var/log/leapp/leapp-report.txt` mpaka mwisho. Kila kilichoandikwa humo "inhibitor" ni kizuizi, na Leapp hapandi mpaka mmekiondoa. Nimezoea kuona mafundi wakiisoma ripoti hiyo baada ya kuharibikiwa. Nyie jaribuni kuisoma kabla.

*Mjomba, VNC imekwenda wapi? Mabosi wanataka kuona skrini ya seva wakiwa nyumbani.*
*Fundi wa zamu, Muscat*

VNC, ile njia ya zamani ya kuona skrini kutoka mbali, imeondolewa, pamoja na seva ya Xorg yenyewe, iliyokuwa ikichora skrini. Skrini sasa inaendeshwa na Wayland peke yake, na programu za zamani za X bado zinafunguka kupitia Xwayland. Kwa kuangalia kutoka mbali, GNOME, mazingira ya madirisha ya mfumo huu, inatumia RDP, njia ya kuona skrini kutoka mbali iliyotoka Windows. Kwenu hiyo ni nafuu, kwani kompyuta za Windows za mabosi tayari zina kifaa cha kuifungua, hamna cha kuwawekea. Wapitisheni kwenye VPN tu, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, msiifungue bandari ya 3389, mlango wa RDP, kwa dunia nzima.

*Nimesikia kuna msaidizi wa akili mnemba ndani yake. Ni kweli, au ni mbwembwe za matangazo?*
*Mwanafunzi, Dodoma*

Ni kweli. Ukishaisajili seva yako kwa Red Hat na kuweka kifurushi cha `command-line-assistant`, unaandika `c` na swali lako kwa Kiingereza, kwa mfano kwa nini sshd, huduma ya kuingilia seva kutoka mbali, haiwaki, naye anakujibu papo hapo kwenye skrini nyeusi. Kwa mwanafunzi ni mwalimu wa zamu ya usiku. Ila swali lako kwa kawaida husafiri hadi kwenye huduma ya Red Hat, kwa hiyo intaneti ikikatika naye kimya, na usimbandikie logi zenye majina au namba za simu za wateja.

Usajili hauhitaji fedha kwako. Red Hat wana mpango wa watengenezaji programu binafsi unaoruhusu hadi mashine 16 bure. Fungua akaunti kwa jina lako, si la chuo.