Unaanza filamu za kutisha Nairobi? Anzeni na visa vifupi

Kama ndiyo kwanza umeshika kamera na filamu za kutisha ndizo zinazokukosesha usingizi, acha kwanza ile ya saa moja na nusu. Tafuta wenzako watatu, kila mmoja alete kisa cha robo saa, mviunganishe. Pesa ni sababu, lakini si kubwa. Kisa kifupi hakina muda wa kumbembeleza mtazamaji. Kinavunja mwiko, kinakatika, na mtu anabaki na alichokiona.

The ABCs of Death ya mwaka 2012 iliwapa waongozaji 26 herufi moja moja ya alfabeti, takriban dola 5,000 kila mmoja, na uhuru wa kufanya watakalo. Baadhi ya visa vinachosha, vingine vinachukiza bure. Hata hivyo huwezi kuondoka, kwa sababu hujui anayefuata atakupeleka wapi. Karibu na kwetu kuna Juju Stories ya 2021. Wanijeria watatu, C.J. Obasi, Abba Makama na Michael Omonua, walichukua mambo yanayosemwa mitaani kwao, kama lile la mtu kuokota pesa njiani akageuka kiazi kikuu, wakayaamini kwa dhati mbele ya kamera.

Hapo ndipo wengi wa hapa hupotea. Wanafikiri kuvunja mwiko ni kumwaga damu. Damu ni rahisi: chemsha sukari mpaka iwe nzito, tia rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ili isiwe na wekundu wa soda. Ijaribu kwanza kwenye kitambaa cha nguo ya mwigizaji, maana haitoki kirahisi. Mwiko wenyewe utafute kwenye yale tunayonong'ona matangani: maiti iliyozuiwa mochari kwa sababu ya deni, ndugu wanaogawana shamba kabla kaburi halijachimbwa, mhubiri ambaye hakuna anayethubutu kumuuliza swali. Na ukimtesa mnyonge kwenye skrini ili watu wacheke, hujavunja mwiko wowote. Hayo tunayaona kila siku.

Sauti ipe muda kuliko picha. Nenda kwenye ghorofa za mtaa wa Pipeline, kwenye koridoo ambazo taa huwaka saa sita mchana, urekodi malapa yakipanda ngazi, ndoo ikiburutwa, kufuli likigonga geti la chuma. Malapa yakisimama nje ya mlango, huhitaji kutuonyesha aliyeyavaa.

Leseni ya kupiga picha chukua mapema, na filamu ipitie Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB) kabla ya kuionyesha hadharani. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, haina mchezo. Stories of Our Lives ya 2014, nayo ni mkusanyiko wa visa vifupi, ilionyeshwa Toronto ikazuiwa hapa nyumbani. Jueni hilo kabla ya kuandika, kisha muamue pamoja mko tayari kutetea nini.

Mkifika kwenye kupanga visa, msigombanie nafasi ya mwisho kwa majina. Mpeni yule ambaye kisa chake kiliwafanya nyinyi wenyewe mnyamaze mlipokisoma.